Regina Coeli: Hosteli Iliyokataa Kumtenganisha Mama na Mwanawe

Tarehe 5 Oktoba 2030 itatimia miaka 100 tangu Legio ya Maria ilipofungua hosteli ya Regina Coeli katika mtaa wa North Brunswick, mjini Dublin, Ireland. Jina hilo, Malkia wa Mbingu, analifahamu kila Mkatoliki anayesali sala ya adhuhuri katika majira ya Pasaka. Wanalegio wa Afrika Mashariki wanaijua bendera ya Legio, sala zake na mikutano yake ya kila wiki. Habari za nyumba hii hawazijui sana, ingawa ilisimamiwa na watu kama wao: walei wa kujitolea, wasio na mshahara wala shirika la masista nyuma yao.

Inafaa historia yake ielezwe mapema, kabla sherehe hazijafika, kwa kuwa kwenye sherehe watu huwa hawana masikio ila ya kusikia sifa. Regina Coeli inastahili sifa, na kubwa. Katika nchi ambako karibu kila mwenye mamlaka aliona mama asiyeolewa hafai kulea, hosteli hii ilimwambia alee, ikamwonyesha namna. Hata hivyo ndani ya kuta zake watoto wengi walikufa. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja: nyumba ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa na moyo mkubwa na mfuko mdogo.

Chimbuko

Legio ilianza jioni ya tarehe 7 Septemba 1921 katika jengo la Myra House, mtaa wa Francis, Dublin. Walikuwapo Frank Duff, mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 32, Padre Michael Toher, na wanawake wapatao 15, wengi wao wasichana. Rais aliyechaguliwa alikuwa mwanamke, Elizabeth Kirwan. Kazi ya kwanza waliyopangiana ilikuwa kuwatembelea wanawake wagonjwa katika hospitali ya South Dublin Union, iliyokuwa nyumba ya maskini. Walikwenda wawili wawili, kama wanalegio wanavyokwenda hadi leo.

Haikupita hata mwaka mzima, wakaingia kwenye kazi nzito zaidi. Mwaka 1922, nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, walifungua hosteli ya Sancta Maria katika mtaa wa Harcourt kwa wanawake waliotaka kuacha ukahaba. Nyumba ilipatikana kwa msaada wa W. T. Cosgrave, waziri wa serikali za mitaa, aliyekuja kuongoza serikali mwaka huo huo. Kazi hiyo ndiyo iliyowapeleka Monto, mtaa wa madanguro uliojulikana Ulaya nzima, ambao biashara yake ilivunjwa mwaka 1925 baada ya wanalegio kuingia nyumba kwa nyumba na polisi kufuata.

Mwaka 1927 ilifunguliwa Morning Star, hosteli ya wanaume wasio na makazi, katika majengo ya North Dublin Union. Hayo nayo yalikuwa nyumba ya maskini ya zama za Waingereza: kuta nene za mawe, mabweni marefu yenye baridi, na sifa mbaya kwa kila mwenyeji wa Dublin aliyekuwa na bibi au babu aliyefia humo. Miaka mitatu baadaye, jirani na hapo, ikafunguliwa Regina Coeli kwa ajili ya wanawake. Duff mwenyewe aliishi mtaa huo huo wa North Brunswick.

Hosteli ilianzishwa kwa ajili ya mwanamke yeyote asiye na pa kulala: mzee aliyefukuzwa chumba, mtumishi wa ndani aliyepoteza kazi, mlevi, mgonjwa. Lakini miongoni mwa waliobisha hodi walikuwamo wajawazito wasioolewa, na wengine wakiwa na watoto mikononi. Hao ndio waliokuja kuipa nyumba jina lake katika historia.

Ireland ya mwaka 1930

Ili kuelewa uzito wa uamuzi uliofuata, ni lazima kujua msichana aliyepata mimba nje ya ndoa alikuwa na njia zipi. Nyumbani mara nyingi hakutakiwa. Mwaka 1930 huo huo bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu mama kumshtaki baba wa mtoto kwa ajili ya matunzo, ila alipaswa kuleta ushahidi mwingine mbali na maneno yake, na ni nani huwa na shahidi wa jambo kama hilo? Posho ya serikali kwa mama wa aina hiyo haikuwapo. Uasili wa kisheria haukuwapo pia hadi mwaka 1952.

Kilichokuwapo ni nyumba za mama na mtoto. Bessborough, mjini Cork, ilifunguliwa mwaka 1922. Ya Tuam, katika jimbo la Galway, ilianza mwaka 1925. Sean Ross na Castlepollard zilifuata katika miaka ya 1930. Nyingi ziliendeshwa na masista, na serikali za mitaa zililipa kwa kichwa, kiasi fulani kwa wiki kwa kila mama na kila mtoto. Maofisa na wakuu wa nyumba waliwagawa wasichana mafungu mawili: aliyepata mimba ya kwanza, aliyehesabiwa kuwa anaweza kurudi katika njia njema, na aliyerudia, aliyehesabiwa kuwa ameshindikana. Mama alikaa mwaka au zaidi akifanya kazi za humo, kisha akaondoka peke yake. Mtoto alipelekwa kwa familia ya kumlea kwa malipo, au kwenye taasisi nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 watoto zaidi ya 2,000 wa Ireland walipelekwa Marekani kuasiliwa huko.

Wanalegio hawakuwa wanamapinduzi. Walikuwa watoto wa zama zao, na neno dhambi walilitumia bila kumung'unya. Walikuwa na hofu nyingine pia: kwamba mama Mkatoliki aliyekosa mlango angekimbilia kwa wahisani wa Kiprotestanti, na mtoto akakulia nje ya Kanisa. Hofu hiyo ilikuwa na nguvu sana katika Dublin ya wakati ule, na ni sehemu ya sababu za hosteli kuwapo. Lakini walipokuwa na mama na mtoto mbele yao, walikataa kuwagawa. Hawakuuliza kama ni mimba ya kwanza au ya tatu. Hawakumfungia mtu mlango asitoke. Aliyeondoka kwa hasira aliweza kurudi.

Jinsi nyumba ilivyokwenda

Kumwambia mama abaki na mwanawe ni rahisi. Kazi ni kujibu swali linalofuata: nani atamshika mtoto mama akienda kutafuta mkate? Hapo ndipo Regina Coeli ilipobuni kitu chake yenyewe.

Akina mama waliwekwa katika makundi, kila kundi likiishi kama kaya moja. Asubuhi wengi walitoka kwenda kazini mjini: kusafisha wodi za hospitali, kuosha vyombo katika mikahawa, kupiga deki mahotelini na katika nyumba za watu. Mama mmoja au wawili wa kundi walibaki na watoto wote. Wenzao walirudi jioni na ujira, wakachangia gharama za kukaa, na kila mmoja akamchukua wake. Yule aliyebaki hakuwa mtumishi wao. Kulea ndiyo ilikuwa zamu yake katika mpango wa kundi. Watoto walikua hapo, wakaanza shule wakitokea hapo, na wapo walioishi humo kwa miaka mingi ya utoto wao.

Fedha zilipita kwa utaratibu ambao mgeni angeona wa ajabu. Legio inawakataza wanachama wake kugawa misaada ya mali. Mwanalegio akimtembelea maskini hampi shilingi. Kwa hiyo hosteli ilitoza malipo madogo, na aliyekuwa na uwezo alilipa. Hoja ilikuwa heshima: anayelipia kitanda, hata kwa senti, ana haki ya kukalia kitanda hicho bila kuinamisha uso. Na kwa muda mrefu hosteli haikuwa katika mfumo wa malipo kwa kichwa uliozilisha nyumba nyingine.

Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana katika vitabu vya hesabu. Nyumba inayolipwa kwa kichwa hujifunza kuhesabu vichwa. Mpangaji wa bajeti atapenda mtoto akae, au aondoke, kwa kadiri malipo yanavyoelekea. Wanalegio hawakuwa na cha kupoteza mama alipoamua kuondoka na mwanawe, wala cha kupata alipomwacha. Uhuru huo wa kutotegemea ruzuku ndio uliowawezesha kwenda kinyume na desturi ya nchi. Ndio pia uliokuja kuwaponza.

Bodi iliyokutana kila wiki

Taasisi nyingi za hisani huwa na bodi inayokutana mara nne kwa mwaka, ikasoma taarifa iliyoandaliwa na wengine, ikapitisha bajeti na kunywa chai. Regina Coeli iliongozwa na presidium, yaani kikundi cha msingi cha Legio, na presidium hukutana kila wiki bila kuruka.

Kila mwanalegio anaweza kukiona chumba cha mkutano huo bila kufika huko. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, sanamu ya Bikira Maria iko katikati, vyombo viwili vya maua na mishumaa miwili pembeni, na bendera ndogo ya Legio mbele. Rozari inasaliwa, katibu anasoma kumbukumbu, mhazini anatoa hesabu. Kisha kila mmoja, kwa zamu, anaeleza kazi aliyoifanya tangu mkutano uliopita: amekwenda wapi, na nani, muda gani, wamekuta nini. Kabla ya kuachana hupitishwa mfuko wa siri. Kila mtu huingiza mkono ndani, mwenye kitu na asiye na kitu, na hakuna anayejua nani ametoa ngapi.

Kwa nyumba ya mama na mtoto utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo bodi za mara nne kwa mwaka hazina. Aliyetoa taarifa ndiye aliyeshinda na watoto wiki hiyo. Baadhi ya wanalegio waliishi humo humo, wakala chakula kile kile, bila mshahara. Wengine walikuja jioni baada ya kazi zao za ofisini na madukani. Mjumbe wa bodi aliyembeba mtoto mwenye homa Jumanne hawezi kukaa kimya Alhamisi wakati neno linapofika kwenye makaa ya mawe na blanketi.

Lakini utaratibu huo una upofu wake. Taarifa ya mwanalegio ni taarifa ya kazi aliyoifanya. Inajibu swali la kama tumetimiza wajibu wetu. Haijibu sawasawa swali jingine: je, watoto wanapona?

Watoto waliokufa

Miaka ya 1940 ilikuwa mibaya kwa watoto wachanga wa Dublin yote. Vita vya Pili vya Dunia vilileta uhaba wa chakula na makaa hata katika Ireland isiyopigana, na magonjwa ya kuharisha yaliwaua wachanga kwa wingi katika vyumba vya mabanda na katika taasisi. Regina Coeli ilikuwa na kila kitu ambacho ugonjwa huo unakitaka: jengo la kale, msongamano, watoto wengi katika chumba kimoja, na mama ambaye hawezi kunyonyesha mchana kwa kuwa yuko kazini. Mpango ule ule uliomruhusu mama kubaki na mwanawe ulimlazimu amwache kwa chupa ya maziwa tangu asubuhi hadi jioni. Sabuni, maji ya moto, maziwa salama, chumba cha kutengea wagonjwa na muuguzi aliyesomea kazi yake: vitu hivi hununuliwa, na hosteli haikuwa na fedha. Watoto wakafa, wengi, na miaka hiyo ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote.

Ukweli huo uliwekwa wazi rasmi na Tume ya Uchunguzi wa Nyumba za Mama na Mtoto, iliyoundwa na serikali ya Ireland mwaka 2015. Iliundwa baada ya Catherine Corless, mwanahistoria wa mtaani kwao, kukusanya vyeti vya vifo vya watoto 796 wa nyumba ya Tuam. Tume ilichunguza taasisi 18, kuanzia mwaka 1922 hadi 1998, na Regina Coeli ilikuwa mojawapo. Ripoti ya kurasa karibu 3,000 ilitolewa tarehe 12 Januari 2021. Mama wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000 walipita katika taasisi hizo, na watoto wapatao 9,000 walifariki, yaani 15 kati ya kila 100. Kesho yake waziri mkuu, Micheál Martin, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola.

Regina Coeli ilitoka katika ripoti hiyo na hukumu ya pande mbili. Tume iliona kwamba hosteli hii ilikuwa ya pekee kwa kuwasaidia mama wasioolewa walee watoto wao, miongo kadhaa kabla ya nchi kulikubali jambo hilo. Iliona pia ufukara wake na vifo vyake. Wapo watakaosema kwamba watu wa kujitolea wasilaumiwe, kwani waliofanya kidogo wamewazidi wasiofanya kitu. Hoja hiyo ina nusu ya haki. Serikali iliyowaachia walei wa kujitolea mzigo wa maisha ya watoto, ikijua hali ya jengo na umaskini wao, ina deni kubwa kuliko la waliobeba mzigo. Lakini kwa mtoto mwenye kuharisha, nia njema ya mlezi wake haina dawa ndani yake.

Kutoka Dublin hadi Nairobi

Wakati hosteli inatimiza miaka sita, Legio ilimtuma Afrika Mashariki mwanamke ambaye jina lake linatajwa hadi leo katika kila kuria, baraza linalounganisha presidium za eneo. Edel Quinn alizaliwa mwaka 1907 karibu na Kanturk, katika jimbo la Cork. Alijiunga na Legio mjini Dublin, akapewa urais wa presidium iliyowashughulikia wanawake wa barabarani, kazi iliyotokana na Sancta Maria. Kifua kikuu kilimweka sanatoriamu kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Oktoba 1936 aliondoka kwao na kuja Kenya, madaktari wakiwa na shaka naye.

Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Nyasaland na Mauritius, akianzisha presidium parokia kwa parokia. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36, na amezikwa katika makaburi ya wamisionari ya St. Austin's. Mwaka 1994 Kanisa lilimpa cheo cha Mheshimiwa. Legio aliyoipanda ndiyo iliyomo katika parokia zetu. Isichanganywe na kanisa la Legio Maria la Nyanza, lililojitenga mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Quinn hakuja na hosteli. Alikuja na ule mkutano wa kila wiki, meza ile ile na taarifa zile zile. Ndiyo maana mwanalegio wa Moshi au wa Machakos anayemtembelea binti aliyejifungua nyumbani kwa shangazi yake yumo katika kazi ile ile iliyowapeleka wasichana wa Dublin hospitalini mwaka 1921.

Sheria ilipowafikia

Kilichomaliza kazi ya mama na mtoto katika Regina Coeli ni habari njema. Mwaka 1973 serikali ya Ireland ilianzisha posho kwa mama wasioolewa. Mwaka 1987 sheria ilifuta kabisa tofauti kati ya mtoto wa ndani na wa nje ya ndoa. Mama aliyekuwa na posho aliweza kupanga chumba chake na kumlea mwanawe bila kuomba kitanda kwa mtu. Jambo ambalo wanalegio walilifanya tangu 1930 kwa mikono mitupu lilikuwa sasa haki iliyoandikwa.

Duff aliishi kuona mwanzo wa badiliko hilo. Alifariki tarehe 7 Novemba 1980. Hosteli iliendelea kuwapokea wanawake wasio na makazi, wengi wao wakiwa na matatizo ya ulevi, dawa za kulevya au maradhi ya akili, hadi mwaka 2022, Legio ilipotangaza kuifunga, na baadhi ya wafanyakazi na wakazi wakapinga.

Neno kwa wajumbe wa bodi

Majimbo yetu yana vituo vya watoto wachanga, nyumba za kuwapokea wasichana wajawazito na kliniki za mama na mtoto, na karibu kila kimoja kina bodi au kamati ya walei wanaojitolea. Wengi wao huitwa kwa sababu ni mwalimu mstaafu, ni mhasibu, ni mama anayeheshimika kigangoni. Huketi, husali, husikiliza hesabu, hutoa mfukoni mwao nauli na mchango. Mungu awalipe.

Regina Coeli inawaachia kazi mbili. Ya kwanza ni kuuliza, kila binti anapoletwa, nini kinahitajika ili abaki na mwanawe, kabla ya kuuliza mtoto apelekwe wapi. Mara nyingi jibu ni dogo kuliko kitanda cha kituoni: jirani wa kumshika mtoto, kazi ya saa chache, baba wa binti kufuatwa na watu wawili wenye busara. Ya pili ni kuweka daftari la afya ya watoto karibu na daftari la mhazini. Uzito wa kila mtoto, chanjo yake, homa yake, na kifo chake kikitokea, na sababu yake, visomwe mkutanoni kama zinavyosomwa fedha. Daftari likionyesha kwamba watoto wanakufa, bodi iende kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa askofu siku hiyo hiyo na kusema kwamba kazi imewazidi. Kukiri hivyo hakumwondolei mtu thawabu yake.

Na kituo chenu kitakapofikisha jubilei, na mkatafuta mtu wa kuandika historia yake, mpeni daftari hilo lote. Aandike majina ya wafadhili na ya watoto waliosoma wakafaulu. Aandike pia majina ya waliofia humo.